Vumbi la Naivasha Bado Halijaingia Kwenye Kompyuta

Safari Rally ilikuwa imetoka katika ratiba ya mashindano ya dunia ya rali (WRC) tangu 2002, na mwaka 2020, ilipokaribia kurudi, janga la Korona likaifuta. Septemba ya mwaka huohuo barabara za Naivasha zilifunguliwa kwa mlango wa nyuma. Kampuni ya Kylotonn ya Ufaransa ilitoa gemu ya WRC 9, na ndani yake, sambamba na Japani na New Zealand, ilikuwamo mikondo ya Kenya, yaani vipande vya barabara ambavyo kila gari hukimbia likipimwa muda. Kijana aliyekaa chumbani kwake Helsinki au Lyon aliweza kukata nyanda za Bonde la Ufa miezi tisa kabla ya mashindano ya dunia yenyewe kurejea huko. Magari halisi yalipowasili Juni 2021, Kalle Rovanperä wa Toyota, mmoja wa madereva wenye kasi kuliko wote wa kizazi chake, alikwama katika mmoja wa mikondo ya hapo. Gari lilizama ndani ya udongo laini kama unga, ule ambao madereva huuita fesh-fesh, likakataa kutoka. Kenya ya ndani ya gemu ilikuwa na vumbi jingi la kutazama, lakini halikuwa vumbi la kuzamisha gari.

Tofauti hiyo inanifanya niamini kwamba historia ya michezo ya kuiga mbio za magari (simuleta) husimuliwa kwa kuanzia pasipo pake. Kwa kawaida husimuliwa kama historia ya picha, kutoka vitone vya miaka ya 1970 hadi skrini za leo ambazo mpita njia hudhani zinaonyesha mbio za televisheni. Au husimuliwa kama historia ya magari, ni mangapi yamo, ya kampuni zipi, na yana mng'aro kiasi gani. Kwa maoni yangu ni historia ya barabara. Kila hatua kubwa katika fani hii ilipigwa siku ambayo mtu alijiuliza swali jipya kuhusu kile kinachotokea chini ya tairi, na swali ambalo hadi leo halijapata jibu la kuridhisha ni swali la udongo.

Mwanzoni hapakuwa na barabara hata kidogo. Gran Trak 10, mashine ya Atari ya mwaka 1974, ilionyesha uwanja mzima kutoka juu, umezungushiwa vitone. Night Driver ya 1976 ilikuwa skrini nyeusi yenye vijiti vyeupe pembeni vikimkimbilia mchezaji, na barabara yenyewe aliijaza kichwani mwake. Pole Position ya Namco, mwaka 1982, ilileta uwanja wa kweli, Fuji wa Japani, na ikaonekana kama muujiza katika kumbi za michezo. Lakini Fuji ile ilikuwa mchoro. Gari halikuwa na tairi. Lilikuwa picha inayosogezwa kushoto na kulia, na kona ilikuwa nguvu moja tu ya kuisukuma picha hiyo kuelekea nje.

Aliyeligeuza jambo hili ni Mwingereza Geoff Crammond, mtu aliyesomea fizikia na kufanya kazi ya uhandisi katika kampuni ya Marconi. Mwaka 1984 alitoa REVS kwa ajili ya BBC Micro, kompyuta iliyokuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 32, kiasi ambacho leo hakitoshi hata picha moja ya simu. Alisaidiwa na David Hunt, dereva wa Formula 3 na mdogo wake James Hunt aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1976. Ndani ya kilobaiti hizo Crammond aliutia uwanja wa Silverstone pamoja na miinuko yake, na gari ambalo mwendo wake ulitokana na hesabu badala ya kupangwa na mchoraji. Mchezaji aliyeingia kona kwa kasi kupita kiasi hakusogezwa nje kwa adhabu iliyoandikwa mapema. Aliteleza kwa sababu hesabu ilikataa. Aliyezoea Pole Position aliona gemu imeharibika.

Miaka mitano baadaye kampuni ya Atari Games ilitoa Hard Drivin', mashine yenye ufunguo wa kuwashia, klachi, gia, na usukani wenye mota iliyorudisha mikononi mwa dereva sehemu ya kile ambacho matairi yalikuwa yanakutana nacho. Waundaji wake walimtafuta Doug Milliken, mtaalamu wa mwendo wa magari ambaye baba yake alikuwa mwanzilishi wa taaluma hiyo nchini Marekani. Ninaliona tukio hilo kuwa muhimu kuliko picha zake zilizojengwa kwa pembetatu, zilizosifiwa wakati ule, kwa sababu kwa mara ya kwanza waandishi wa programu walikubali kwamba jibu la swali lao liko kwa mafundi wa magari.

Inafaa kulitazama tairi lenyewe kwa karibu, kwani bila hilo hoja yote inaelea hewani. Tairi linapokata kona halielekei kule hasa rimu inakoelekezwa. Mpira hujipinda pale unapogusa lami, na kati ya mwelekeo wa rimu na mwelekeo halisi wa gari hutokea pembe ndogo. Pembe hiyo inapoongezeka, tairi hushika barabara zaidi, hadi kufikia kilele ambacho kwa matairi mengi kiko kati ya nyuzi chache na takriban nyuzi kumi. Baada ya hapo mshiko hupungua, na dereva anayeendelea kukata usukani anazidi kujiharibia. Hans Pacejka wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Delft, Uholanzi, akishirikiana na wahandisi wa Volvo, alichapisha mwaka 1987 kanuni inayoichora njia hiyo ya kupanda na kushuka kwa kutumia namba chache zinazopatikana kwa kupima tairi kwenye mashine. Kanuni hiyo haielezi kwa nini tairi linafanya linachofanya. Inaeleza tu kile linachofanya. Hata hivyo ilitosha, na simuleta nyingi zilizofuata zilijengwa juu yake au juu ya kitu kinachofanana nayo.

Katika jimbo la Massachusetts, David Kaemmer na Omar Khudari walikuwa wameanzisha kampuni ya Papyrus na kutoa mwaka 1989 gemu ya mbio za Indianapolis 500. Kazi kubwa ya Papyrus ni Grand Prix Legends ya mwaka 1998, iliyorejesha msimu wa Formula 1 wa 1967. Uchaguzi wa msimu ule ulikuwa wa kijasiri. Magari ya mwaka huo yalikuwa na injini zenye nguvu nyingi, matairi membamba, na hayakuwa bado na mabawa ya kuyakandamiza chini, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kumsaidia dereva isipokuwa mpira na lami. Viwanja vilikuwa barabara za kweli za zama zile, Nürburgring ndefu ya Ujerumani, Spa ya Ubelgiji iliyopita vijijini, hata Kyalami ya Afrika Kusini. Mchezaji mgeni alipinduka kabla ya kona ya pili. Gemu hiyo haikuuzika kama ilivyotarajiwa, na hilo halishangazi, kwa maana wanunuzi wengi waliirudisha kabatini wakidhani kosa ni la programu.

Mwaka mmoja kabla yake, Desemba 1997, Kazunori Yamauchi na wenzake walitoa Gran Turismo kwa PlayStation, baada ya kazi ya miaka mitano, na ikauza nakala zaidi ya milioni 10. Wapo wanaoiita baba wa michezo yote ya aina hii. Mimi naitazama kwa jicho jingine. Gran Turismo iliwafundisha mamilioni kulipenda gari, kulinunua likiwa limetumika, kulibadilishia ekzosi na springi, na kulitunza gereji; ni kazi ya kupendeza na iliyofanywa kwa heshima. Lakini barabara zake nyingi za mwanzo zilikuwa za kubuni, zimelainishwa, na zilikuwapo ili gari lionekane. Ni kweli kwamba baadaye shindano la GT Academy, lililoanzishwa na Sony na Nissan mwaka 2008, liliwatoa watu sebuleni na kuwafikisha katika mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa: Lucas Ordóñez, mshindi wa kwanza, alishika nafasi ya pili katika daraja lake mwaka 2011. Hilo linathibitisha kwamba somo la gari lilifundishwa vizuri. Somo la barabara lilikuwa likiendelea kwingine.

Papyrus ilifungwa mwaka 2004. Mwaka huohuo Kaemmer alipata mshirika mpya, John Henry, tajiri aliyekuwa mpenzi wa michezo ya Papyrus, na ambaye wapenzi wa soka wa pande zetu wanamfahamu kwa jambo jingine kabisa, yaani umiliki wa Liverpool tangu 2010. Kampuni yao ilifungua iRacing kwa umma mwaka 2008, kwa malipo ya uanachama na mashindano ya mtandaoni yenye kanuni kali za nidhamu. Kilichoitofautisha ni uamuzi wa kuvipima viwanja kwa leza. Mashine iliyosimamishwa juu ya lami huzunguka na kurusha mamilioni ya miale, kila mwale unaporudi huacha alama moja, na alama hizo zote kwa pamoja huonyesha nyufa, viraka na matuta kwa kipimo cha milimita. Tangu hapo dereva wa kweli akiingia kwenye simuleta hutarajia tuta analolijua kumgonga mahali palepale linapomgonga uwanjani.

Mfano unaonivutia kuliko yote ni wa uwanja wa North Wilkesboro, North Carolina. Mbio kubwa za NASCAR, mashindano mashuhuri ya magari ya Marekani, ziliuhama mwaka 1996, na kwa miaka mingi ukabaki magugu yakichomoza kwenye nyufa za lami. Desemba 2019 dereva mstaafu Dale Earnhardt Jr. aliongoza kundi la watu waliong'oa magugu na kuufagia, si kwa ajili ya mbio, bali ili mashine ya leza ya iRacing iweze kuuona. Nia ilikuwa kuuhifadhi kabla haujabomoka kabisa. Korona ilipofunga viwanja mwaka uliofuata, madereva wa NASCAR walishindana ndani ya nakala ile huku televisheni ikirusha, hamu ya watu ikaamka, fedha za ukarabati zikapatikana, na Mei 2023 magari halisi yakarudi North Wilkesboro kwa mbio za nyota. Vivyo hivyo barabara za katikati ya jiji la Chicago zilijengwa kwanza ndani ya iRacing mwaka 2021, miaka miwili kabla ya NASCAR kufanya hapo mbio zake za kwanza za mitaani. William Byron, aliyeanza kujifunza udereva wa mashindano kwenye iRacing akiwa kijana, ameshinda Daytona 500 mwaka 2024 na tena 2025. Mpaka kati ya gemu na mchezo wenyewe, kwa upande wa lami, umekuwa mwembamba mno.

Kwa upande wa lami, nasisitiza. Leza hupiga picha ya siku moja, na lami huvumilia kupigwa picha, kwa kuwa tuta la Jumatatu litakuwapo Jumapili. Hata lami hubadilika kidogo, mpira hujipaka, mvua hunyesha, na simuleta zimeyafuata mabadiliko hayo polepole, kiasi kwamba iRacing ilipata mvua mwaka 2024 tu, miaka 16 baada ya kufunguliwa. Sasa iweke barabara ya vumbi mbele ya mashine hiyohiyo. Gari la kwanza linafagia changarawe ya juu, la tano linachimba mifereji miwili, la kumi linafukua jiwe lililokuwa limelala chini, na la kumi na mbili linapasua tairi juu ya jiwe ambalo halikuwamo katika kipimo chochote. Tena lami haijipindi chini ya tairi, kinachojipinda ni mpira peke yake. Kwenye udongo vyote viwili hujipinda. Tairi hulima, husukuma rundo la udongo ubavuni mwake, na rundo hilo nalo huwa ukuta wa kuegemea. Ndiyo maana dereva wa rali anakata kona gari likiwa limelala upande kwa pembe ambayo kwenye lami ingekuwa hasara tupu.

Majaribio hayakukosekana. Sega Rally Championship, iliyoingia kumbi za michezo miaka 30 hivi iliyopita, ilimfanya mchezaji ahisi kwamba lami na udongo ni vitu viwili tofauti. Colin McRae Rally 2.0 ya mwaka 2000 iliileta Kenya, jambo la haki kwa kuwa McRae mwenyewe alikuwa ameshinda Safari mwaka 1997 na 1999, na angeshinda tena 2002. Lakini Safari ya miaka ile, iliyokimbiwa kwenye barabara zilizo wazi kwa watu na mifugo, huku helikopta ikitangulia kumwonya dereva juu ya kilicho mbele, ilibanwa ndani ya vipande vya dakika chache. Sega Rally ya 2007 iliruhusu magari kuichimba njia mzunguko baada ya mzunguko. DiRT Rally 2.0 ya Codemasters, mwaka 2019, ilifanya barabara ichakae kulingana na nafasi ya mchezaji katika kuanza. SnowRunner ya 2020 ina tope linalomeza magurudumu ya lori kwa namna ambayo dereva yeyote aliyepita njia ya masika ataitambua mara moja, ila lori hilo linatambaa, halikimbii kilomita 150 kwa saa.

Kwa nini basi tope la lori halihamishiwi kwenye gari la rali? Chukua kalamu. Mkondo wa kilomita 30 wenye barabara ya upana wa mita sita una eneo la mita za mraba 180,000. Ukiugawa katika miraba ya sentimita kumi kwa kumi, ambayo bado ni mikubwa kuliko mawe mengi yanayopasua tairi, unapata miraba milioni 18, na kila mmoja unahitaji kukumbuka kina chake, unyevu wake na ugumu wake, na kubadilika kila unapopitiwa. Juu ya hayo kompyuta inapaswa kupiga hesabu za tairi mamia ya mara kwa sekunde, wakati picha nazo zinadai haki yake. Haishindikani, lakini mhasibu wa kampuni atauliza ni wanunuzi wangapi watalipa zaidi ili wakwame.

Hapo ndipo fani inapokutana na fedha, na matokeo hayapendezi. EA, kampuni kubwa ya gemu ya Marekani, iliinunua Codemasters mwaka 2021 kwa takriban dola bilioni 1.2, na mwaka 2023 ikatoa EA Sports WRC yenye mikondo mirefu kuliko ilivyozoeleka, Kenya ikiwamo. Mwaka 2025 Codemasters ikatangaza kusimamisha kazi ya gemu za rali. Mwishoni mwa mwaka huohuo Assetto Corsa Rally ilianza kuuzwa ikiwa bado inajengwa, na mikondo yake imepimwa kwa leza, ila barabara zilizotangulia kupimwa ni za Alsace ya Ufaransa na za Wales. Siwalaumu. Leza hupelekwa penye wateja, na wateja wa usukani wenye mota, pedali za chuma na kiti cha kufungwa sakafuni wengi wako Ulaya na Marekani. Kwetu gemu imekulia kwenye vibanda, mteja akilipia mechi moja moja ya mpira na kuondoka, na mwenye kibanda mwenye akili timamu hawezi kufunga mezani usukani ambao bei yake inaweza kuzidi ya konsoli iliyotumika, ili mtu mmoja aukalie saa nzima.

Njia iliyobaki wazi ni ya waundaji wa kujitolea, na siyo ndogo. Richard Burns Rally ya mwaka 2004, iliyopewa jina la dereva aliyeshinda Safari mwaka 1998 na 2000, ilitoka bila mkondo hata mmoja wa Kenya. Burns alifariki Novemba 2005, na kibiashara gemu hiyo ilikuwa imekwisha zamani. Wapenzi wake hawakuizika. Wameipa mashindano ya mtandaoni, wamerekebisha hesabu zake za mwendo, wameongeza mamia ya mikondo, na hadi leo wapo madereva wa rali wa kweli wanaoitaja kuwa ndiyo iliyo karibu zaidi na kazi yao. Mikondo hiyo imejengwa na watu wenye ramani, video zilizorekodiwa ndani ya magari, na subira. Vifaa vya kupima vimeshuka bei tangu wakati huo, na droni ya kawaida inayopiga picha mfululizo inaweza leo kutengeneza umbo la barabara ambalo miaka 15 iliyopita lingehitaji gari zima la mitambo. Sioni kwa nini barabara za Naivasha zisubiri kampuni ya ng'ambo, ilhali katika vyuo vyetu wapo wanafunzi wa upimaji wa ardhi wanaotafuta kazi za mwisho wa masomo.

Mpimaji huyo, hata hivyo, atakutana na tatizo ambalo wa North Wilkesboro hakulipata. Mkondo wa rali hukimbiwa mara mbili, asubuhi na mchana, na barabara ya mchana siyo ile ya asubuhi: mifereji imeshuka, fesh-fesh imefukuliwa, na mahali palipopitika saa tatu panaweza kumeza gari saa tisa. Akiipima kabla ya mbio atapata barabara ambayo madereva wa mbele pekee waliiona. Akiipima baada ya mbio atapata mabaki. Itambidi aipime mara zote mbili, achukue na sampuli za udongo katikati, kisha amwachie mwandishi wa programu kazi ya kuunganisha hali hizo mbili kwa hesabu ambayo bado hakuna anayeiuza.